Krenki isagwe au inunuliwe mpya? Jibu kwa mwenye Dyna wa Wete

Swali: "Assalaam alaykum fundi. Nina Toyota Dyna ya dizeli, injini yake ni ile aina iitwayo 3L. Nabeba abiria hapa Pemba, Wete hadi Chake, na msimu wa karafuu nachukua magunia. Mwezi uliopita ilipandisha joto mlimani, nikaitia maji nikaendelea. Siku ya tatu ikaanza kutoa moshi na kugonga chini. Fundi wangu ameifungua. Silinda ya pili na ya tatu zina michirizi, krenki ina mistari, hedi imepinda, na nozeli anasema zimechoka. Yeye anataka asage krenki, achonge silinda na kupleni hedi. Shemeji yangu, ambaye sehemu ya pesa ni yake, anasema tusitie viraka: tununue kila kitu kipya, au injini nzima ya mtumba kutoka Dar. Mimi nipo katikati yao. Lipi lina maslahi?"

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu, na pole sana. Chombo cha abiria kikilala hulala na watu wengi: wewe, utingo wako, shemeji, na wale waliozoea kukuona kituoni alfajiri. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hili nimeulizwa mara nyingi nikiwa na injini iliyo wazi mbele yangu na mikono imejaa oili, na hapo huwa hakuna nafasi ya kueleza. Kwa msomaji asiye fundi: bloku ni gogo la chuma lenye silinda, krenki ni mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, hedi ni kifuniko cha juu chenye valvu, kuipleni ni kuusawazisha uso wake, na nozeli ndizo zinazorusha dizeli ndani.

Fundi na shemeji wanabishana kana kwamba injini ni kitu kimoja, ama kifufuliwe chote ama kitupwe chote. Mimi nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja, na sikukiona: kipimo. Umeniambia "michirizi", "mistari", "imepinda", "zimechoka". Hizo ni habari za macho. Michirizi ina kina gani? Shingo za krenki zimelika kiasi gani, na zimelika kwa duara au upande mmoja tu? Hedi imepinda sehemu ngapi za mia za milimita? Mpaka hayo yajulikane, fundi anabahatisha na shemeji naye anabahatisha. Kwa hiyo kabla hujanunua hata ringi moja ya pistoni, mtafute mtu mwenye maikromita na geji ya saa ya kupimia silinda. Kama hapo Wete hayupo, pakia bloku, krenki na hedi uvipeleke aliko, hata ikibidi kupanda feri. Nauli ya kuvipeleka kupimwa ni ndogo kuliko gharama ya kuifungua injini mara ya pili.

Lakini kuna jambo la kumaliza kwanza. Nini kiliua injini hii? Umeandika mwenyewe: ilipandisha joto mlimani. Joto hilo halikutokea hewani. Usipolipata chanzo chake, krenki iliyosagwa itakufa na krenki mpya itakufa vilevile, na mtarudi hapa kulaumiana.

Kwetu visiwani mtuhumiwa wangu wa mwanzo huwa maji. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, na maji ya visima vingi ni magumu, yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika la chai. Utando ule ule hujijenga ndani ya rejeta na ndani ya njia za maji za bloku, kuizunguka silinda kwa nje. Chokaa hupitisha joto kidogo mno ukilinganisha na chuma, hivyo unene wa ganda la yai tu unatosha kuifanya silinda iungue huku geji ya joto ikikuambia mambo ni mazuri. Gari inayokwenda tambarare bila mzigo huvumilia. Ipakie magunia, ielekeze kwenye vilima vya Pemba, na hapo ndipo siri hutoka.

Mwambie fundi atoe vizibo vya bati vya ubavuni mwa bloku aangalie ndani. Akikuta magamba meupe au tope la kutu, bloku ikachemshwe na kuoshwa, na rejeta ifunguliwe isafishwe mirija. Kisha uache kuijaza maji ya kisima. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, au maji ya mvua yaliyokingwa safi, na uchanganye na ile dawa ya rejeta ya rangi inayozuia kutu. Pemba Mungu ameijaalia mvua. Pipa moja la masika linatosha rejeta kwa mwaka mzima. Na uangalie kama thermostati ipo. Mafundi wetu wengi huing'oa wakidhani nchi ya joto haiihitaji. Katika injini nyingi za Toyota thermostati hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato wakati maji yamepata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani unazidi kuchemsha. Nunua mpya, ni kitu kidogo.

Sasa tuje kwenye silinda, maana hapa fundi wako yuko karibu na haki.

Silinda ya 3L ikiwa kama ilivyotoka kiwandani ina kipenyo cha milimita 96, na pistoni husafiri milimita 96 nyingine. Ndiyo maana zote nne zinakupa karibu lita 2.8. Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu hapo moto na msukumo ni mkubwa na oili ni haba. Kwa hiyo hupimwa juu, kati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Vipimo sita kwa kila silinda. Ikiwa imezidi kipimo cha awali kwa karibu 0.20 mm, haifai tena kutiwa ringi mpya peke yake. Nimeona watu wakitia ringi mpya kwenye silinda iliyolika. Gari hukaa kimya kwa wiki chache, kisha ringi ya juu hugonga ile kingo iliyobaki juu ya silinda, ikavunjika, na vipande vyake vikachana pistoni na silinda pamoja.

Kuchonga silinda kwa saizi kubwa zaidi na kutia pistoni za ovasaizi si kiraka. Mwambie shemeji hivyo kwa heshima zote. Waliotengeneza injini walilijua jambo hili tangu mwanzo, ndiyo maana pistoni za ovasaizi zinauzwa zimo ndani ya boksi, kwa hatua: 0.50, 0.75, 1.00. Bloku yako ina nyama ya kutosha kwa hatua hizo. Silinda iliyochongwa vizuri na kupigwa honi, yaani kusuguliwa kwa mawe laini, hurudi kuwa duara kamili, na duara kamili ndicho kitu pekee ambacho pistoni inakitaka. Haijali kama bloku ni ya mwaka huu au ya miaka thelathini iliyopita.

Ila kuna utaratibu, na hapa wengi huharibu. Nunua pistoni kwanza. Zipime kwa maikromita moja baada ya nyingine, hata kama boksi limeandikwa saizi. Kisha mchongaji achonge kila silinda kuifuata pistoni yake, kwa uwazi uliotajwa na watengenezaji, ambao ni sehemu chache tu za mia za milimita. Unywele wako mmoja unaweza kuwa mnene kuliko uwazi huo. Ukichonga kwanza ukaenda dukani baadaye, utakuta pistoni zilizopo ni za kiwanda kingine na zinatofautiana kidogo, na huna njia ya kurudisha chuma kilichokwisha kuwa unga. Zichongwe zote nne, hata kama mbili zinaonekana nzima, ili pistoni ziwe na uzito mmoja na injini isitetemeke. Mwisho wa kuchonga, honi iache mistari inayopishana, kama msuko wa mkeka unavyopishana. Humo ndimo oili inamokaa. Silinda inayong'aa kama kioo inapendeza macho, lakini haishiki oili na ringi hazikai.

Ikiwa mchirizi wa silinda ya tatu ni wa kina kuliko hata 1.00 itakavyoweza kuufuta, bado bloku haijafa. Silinda hiyo inaweza kuchongwa zaidi na kuvishwa slivu, yaani mrija wa chuma, kisha slivu yenyewe ikachongwa kwa saizi ya wenzake. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kukandamizia na mkono uliotulia. Ukikuta bloku imepasuka, hapo tunazungumza mengine.

Krenki ndiyo inayoninyima usingizi katika habari yako, kwa sababu umesema injini ilikuwa inagonga chini.

Krenki haigusani na beringi zake, yale magamba laini yanayoishika, inapozunguka. Inaelea juu ya utando wa oili. Uwazi kati ya shingo ya krenki na beringi ni kama 0.03 hadi 0.07 mm, na uwazi huo ukiwa sawa, shingo ikiwa duara na uso wake ukiwa laini, krenki inaweza kuzunguka miaka mingi bila kulika. Oili ikipata joto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, utando unakatika, chuma kinagusa chuma. Hapo ndipo mistari inapotokea, na ndipo injini inaponoki.

Kila shingo ipimwe, tano za katikati na nne za konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki), kila moja kwa pande mbili. Ikiwa duara limepotea kwa zaidi ya 0.02 mm, au ukucha wako unakwama kwenye mistari, krenki ikasagwe. Saizi ya kwanza ni 0.25, ya pili 0.50, na beringi za saizi hizo zinapatikana. Shingo zote za konrodi zisagwe saizi moja, na zote za katikati saizi moja.

Lakini uliza inasagwa kwa mashine gani. Mashine ya kusagia krenki ina jiwe linalozunguka na krenki yenyewe inazunguka, na ndivyo duara linavyorudi. Fundi anayeiweka krenki kwenye mashine ya kukerezea vyuma kisha akaishikilia kwa msasa anaing'arisha tu. Uso utang'aa, na ubovu wa duara utabaki vilevile. Uliza pia kuhusu kona, pale shingo inapokutana na ubavu. Kona hiyo lazima ibaki na mviringo wake. Ikikatwa ikawa kali kama kona ya boksi, ufa utaanzia hapo, na siku moja krenki itakatika vipande viwili barabarani.

Kuhusu ufa, usikubali krenki iliyowahi kugonga isagwe kabla ya kukaguliwa. Penye vifaa, hukaguliwa kwa sumaku na unga wa chuma, au kwa dawa ya rangi inayopenya. Pasipo vifaa kuna njia ya wazee ambayo ingali inafanya kazi: ioshe, itumbukize kwenye mafuta ya taa kwa saa kadhaa, ifute mpaka ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari juu ya chaki. Ukiuona mstari huo, usiulize tena habari ya kusaga wala kuchomelea. Cha kuvunda hakina ubani. Krenki hiyo hairudi garini kwa bei yoyote, kwa sababu nyuma kuna abiria.

Niseme na jambo lililonipata mwenyewe nilipokuwa bado kijana kwenye kazi. Tulipokea krenki iliyosagwa vizuri sana, vipimo vyote sawa, nikaifunga siku ile ile kwa sababu mwenye gari alikuwa amesimama juu yangu. Haikumaliza wiki moja, beringi zote zikaliwa. Tulipoifungua tulikuta unga wa jiwe la kusagia umejaa ndani ya matundu ya oili yanayopita katikati ya krenki. Nilikuwa nimeipangusa nje tu. Tangu siku ile, krenki ikitoka kusagwa naipitisha brashi nyembamba ndani ya kila tundu, naipiga mafuta ya taa, naipuliza upepo, na narudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mwambie fundi wako afanye hivyo mbele ya macho yako. Vivyo hivyo bloku iliyochongwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isipanguswe kwa dizeli tu.

Na beringi ziwe mpya za saizi yake. Kuna tabia ya kuweka karatasi au bati la kopo nyuma ya beringi ili kubana uwazi, na nyingine ya kusaga midomo ya kepu, kile kifuniko cha chini cha konrodi. Zote mbili huondoa kelele kwa siku chache na kuua krenki kwa mwezi. Ukimwona fundi anakata kopo la soda karibu na injini yako, mshukuru, mlipe alichofanya, uchukue vyuma vyako.

Konrodi za silinda ya pili na ya tatu zipimwe nazo, tundu la chini kama bado ni duara, na urefu wake kama hazikupinda. Hilo husahauliwa mno.

Hedi. Hapa nitakupoza shauku kidogo, kwa sababu "kupleni hedi" limekuwa neno la kila fundi, na kwenye dizeli lina hatari yake. Kwanza hedi ipimwe mpasuko. Huzibwa njia zake za maji, ikatiwa upepo ndani, ikazamishwa kwenye maji ya moto, tukaangalia mapovu, kama tunavyotafuta pancha ya mpira wa baiskeli. Hedi za jamii hii ya injini zikishachemka hupenda kupasuka kati ya valvu mbili, na ufa huo mara nyingi hauonekani kwa macho mpaka chuma kipate moto. Kupleni hedi iliyopasuka ni kutupa pesa. Hii ndiyo sehemu ambayo, ikikutwa na ufa, nitakuwa upande wa shemeji bila kusita: nunua hedi nyingine.

Ikiwa haina ufa, iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, ipitishwe chini yake. Kupinda kukiwa kidogo, ndani ya 0.20 mm, iondolewe kiasi kile tu kinachohitajika. Kila unachokiondoa kinasogeza valvu karibu na pistoni, na kinaziacha zile chemba ndogo za mwako zimetokeza nje ya uso wa hedi, kwa hiyo lazima nazo zirudishwe kwenye usawa wake. Baada ya hapo hupimwa pistoni imetokeza kiasi gani juu ya bloku, ndipo gasketi ichaguliwe. Gasketi za 3L zinakuja kwa unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F. Mara nyingi muuza duka huwa na moja tu, na fundi huifunga hiyo hiyo. Ukitia nyembamba mahali pa nene, pistoni itaanza kugonga valvu. Ukitia nene mahali pa nyembamba, gari itakuwa ngumu kuwaka asubuhi na itatoa moshi mweupe, na utaambiwa nozeli ni mbovu.

Valvu zisagwe na viti vyake zikiwa bado na unene mdomoni. Zile ambazo ukingo wake umebaki mwembamba kama wembe zitupwe.

Nozeli ni mfano mzuri wa kitu ambacho nusu yake hufufuliwa na nusu hununuliwa. Lile gamba la nje halichakai upesi. Ile ncha ya ndani yenye sindano ndiyo inayochoka. Hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji. Ya injini yako inatakiwa ifungue msukumo ukishapita bar 100, itoe ukungu mwembamba, na isidondoke. Ikirusha mkojo kama bomba lililofunguliwa nusu, moto wake unapiga sehemu moja ya pistoni mpaka inatoboka, na huenda ndiyo iliyochangia yale ya silinda ya pili na ya tatu. Kusafisha peke yake kunatosha mara chache. Nunua ncha mpya nne na zikarekebishwe pamoja. Pampu ya dizeli isiguswe kwanza kama gari ilikuwa inawaka vizuri. Hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo adui yake ni maji na uchafu wa madumu. Tia chujio jipya, na kama unaweka mafuta ya dumu yaache yatulie usiku kucha na usimimine ya chini.

Vitu vinavyobana, vinavyoziba na vinavyonyumbuka sivijadili: ringi, oili sili, gasketi zote, taimingi belti na roli yake, mipira ya maji, vichujio, na boliti za hedi za aina ile inayokazwa kwa toku kisha ikazungushwa nyuzi, kwa sababu zimekwisha kuvutika. Hivi vyote viwe vipya. Taimingi belti ikikatika kwenye 3L pistoni hukutana na valvu, na kazi yote hii inarudi mwanzo. Pampu ya oili ipimwe. Ikiwa na shaka yoyote, mpya. Alternata na stata vifufuliwe bila wasiwasi, mara nyingi vinahitaji brashi na beringi tu.

Sasa neno "kipya", ambalo shemeji ameliegemea. Namwelewa. Amechoka kuona pesa yake ikirudi gereji kila baada ya miezi miwili, na woga wake una sababu. Lakini kitu kipya dukani kinaweza kuwa cha kampuni iliyotengeneza gari, kinaweza kuwa cha kiwanda kingine kinachoheshimika, na kinaweza kuwa cha kiwanda ambacho hata jina lake limeazimwa. Bei ya kile cha tatu ndiyo watu huilinganisha na bei ya kusaga krenki, na hapo hesabu inapotoka. Krenki ya awali ya kiwandani, iliyosagwa 0.25 na mtu anayeijua kazi, naiamini kuliko krenki mpya ya jina la kuazima ambayo chuma chake sikijui. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka bei ya kusaga pamoja na beringi upande mmoja, na bei ya krenki mpya halisi upande wa pili. Mimi binafsi, kufufua kukivuka kama nusu ya bei ya kipya halisi, naanza kuelekea kwenye kipya. Kukiwa chini ya hapo, na vipimo vinakubali, nafufua. Na hata mpya lazima ipimwe kabla ya kufungwa.

Tena asione kuwa kufufua ni jambo la wanyonge. Caterpillar ya Marekani ilianza biashara ya kufufua injini na vipande vyake mwaka 1973 na mpaka leo inaiendesha. Mteja hurudisha kipande cha zamani, kinapimwa, kinachongwa, kinauzwa tena kwa dhamana. Wao wana vipimo na wanavifuata, basi.

Injini ya mtumba niliiacha nyuma makusudi. Hiyo unanunua uchakavu wa mtu mwingine usioujua. Inaweza kuwa nzuri sana, na inaweza kuwa imechemka kama yako na ikapakwa rangi ya fedha. Ningeifikiria ikiwa bloku yako imepasuka, au krenki ina ufa na hedi ina ufa kwa pamoja. Ukiifuata mtaa wa Gerezani kule Dar au popote, nenda na fundi. Akatae kununua mpaka ipimwe kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda: dizeli ya namna hii ikiwa nzima hutoa kama bar 30, chini ya 20 ni ya kufunguliwa, na silinda zisitofautiane zaidi ya 5. Kisha afungue sampu, lile bakuli la oili la chini, ashushe kepu moja ya beringi, aitazame. Muuzaji asiyeruhusu hilo amekwisha kukujibu. Kumbuka pia namba ya injini kwenye kadi ya gari itabidi ibadilishwe kisheria, usije ukazuiwa barabarani na abiria ndani.

Kwa maelezo uliyonipa, bila kuviona vyuma, dhana yangu ni hii: silinda zote nne zichongwe kwa pistoni mpya za ovasaizi, krenki isagwe ikiwa haina ufa, beringi na ringi mpya, ncha za nozeli mpya, na hedi iamuliwe na kipimo cha mpasuko, ambacho ningekifanya siku ya kwanza kabisa kwa sababu hicho ndicho kinachoweza kuibadilisha bajeti yote. Fundi wako na shemeji wako kila mmoja atapata nusu ya alichosema.

Ikishafungwa, usiiwashe ikakaa inanguruma tu uwanjani kwa saa nzima, ringi hazikai hivyo. Itembeze, tupu au na mzigo mwepesi, ukipandisha na kushusha mwendo, bila kuikamua mlimani. Oili na chujio vibadilishwe kwenye kilomita 500 za mwanzo, tena kwenye 1,000. Magunia ya karafuu yasubiri mpaka hapo, hata kama wenyewe wanakupigia simu.

Vipimo vikiwa tayari, viandike kwenye karatasi: silinda nne kwa sehemu sita kila moja, shingo tisa za krenki, hedi, na ulichokikuta ndani ya njia za maji. Niletee nivisome, na shemeji awepo.